Kijana anataka kujiunga na fraterniti chuoni Marekani: anapata nini, anapoteza nini?

MamaMkubwa_Tanga aliuliza:

Wadau, habari za saa hizi. Nawaomba mnaoyajua mambo ya vyuo vya Marekani mnisaidie kwa vitu vinavyopimika, maana kwenye filamu nimeshaona vya kutosha.

Kijana wa mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kikuu cha umma huko Ohio. Viza yake ni F-1, ya mwanafunzi, na sehemu ya ada inalipwa na ufadhili unaomtaka GPA, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya 3.2. Sasa amealikwa kujiunga na fraterniti, yaani chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, muhula wa Januari. Anasema waliopitia humo hupata kazi nzuri kwa sababu ya kujuana. Mimi ninachosikia ni pombe na watoto kufa. Masomo yanashuka kweli au ni maneno? Gharama zikijumlishwa zote ni kiasi gani? Na viza yake iko salama? Sitaki kumkataza kwa sababu tu naogopa, wala kumruhusu kwa sababu tu ananibembeleza.

---

Takwimu_Chuoni alijibu:

Shikamoo mama. Masomo yanashuka, na hilo limepimwa.

Ugumu wa swali hili ni kwamba wanaojiunga hawafanani na wasiojiunga tangu siku ya kwanza. Wengi wanatoka familia zenye uwezo, na wazazi wao walisoma vyuo hivyohivyo. Ukilinganisha mishahara ya makundi hayo mawili kavukavu, utakuwa umepima ukoo wala hujapima fraterniti. Takwimu nyingi zinazotangazwa na makao makuu ya fraterniti zina kasoro hiyo. Ila kuna tafiti mbili zilizojitahidi kuikwepa.

Ya kwanza ni ya wachumi watatu wa Union College, mjini Schenectady, New York: Mara, Davis na Schmidt, iliyochapishwa 2018. (Hapohapo Union ndipo Kappa Alpha Society ilipoanzishwa 1825, ndiyo maana chuo hicho huitwa mama wa fraterniti.) Walifuatilia chuo kimoja kidogo cha kaskazini-mashariki ambacho mazingira yake ya makazi na maisha ya wanafunzi yalibadilika kadiri miaka ilivyopita. Mabadiliko hayo yaliwasukuma baadhi ya vijana kujiunga na wengine kutojiunga, hata kama walikuwa wa aina moja. Walikuta GPA inashuka kwa takriban 0.25 katika kipimo cha 4, na kipato cha baadaye kinapanda kwa takriban asilimia 36.

Ya pili ni ya Even na Smith wa Miami University, hapohapo Ohio. Wao walitumia kanuni ya chuo inayomtaka mwanafunzi awe na GPA fulani ndipo aruhusiwe kujiunga. Aliyeikosa kwa unywele na aliyeipata kwa unywele ni karibu mtu yuleyule, kwa hiyo tofauti itakayojitokeza baadaye inaweza kuhesabiwa kuwa ya fraterniti yenyewe. Alama zilishuka kwa kati ya 0.1 na 0.3 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika), na muhula mbaya kuliko yote ulikuwa ule wa pleji, yaani wiki za ugeni kabla ya kuapishwa. Mshahara haukuongezeka.

Basi tafiti zote mbili zinakubaliana kuhusu alama na zinapingana kuhusu pesa. Mimi nasoma hivi: hasara ya alama ni ya uhakika na inakuja mara moja, ila faida ya pesa inategemea chuo gani na wahitimu wa tawi lile wako wapi leo. Hiyo asilimia 36 ilipatikana kwenye chuo kidogo kimoja. Usiibebe ukaipeleka kila mahali.

Sasa tumtazame kijana mwenyewe. Tuseme muhula wa kwanza amepata 3.4 kwa krediti 15 (krediti ni uzito wa somo). Ili mwisho wa mwaka awe na 3.2 ya jumla, muhula wa Januari anatakiwa asipungue 3.0. Somo moja la krediti 4, kama kalkulasi ya pili au fizikia, likishuka kutoka B hadi C, wastani wa muhula huo wa krediti 15 unapungua kwa karibu 0.27. Somo moja tu. Na muhula wa Januari wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ndio kalkulasi ya pili na fizikia hukutana. Mwaliko wao umekuja wakati mbaya kuliko wakati wowote.

---

Mhazini_wa_Matawi alijibu:

Nijibu la gharama. Hakuna bei moja, kila tawi lina yake, ila kwa kawaida ni mamia kadhaa ya dola hadi kupita 1,000 kwa muhula, na hapo kodi ya chumba na chakula havimo. Watu hukosea kwa kuuliza "ada ni ngapi" kisha wakatajiwa tarakimu moja. Uliza kila fungu peke yake: ada ya mgeni, ada ya kuapishwa (mara moja), ada ya makao makuu ya kitaifa, bima ya dhima, michango ya tawi, mpango wa chakula, na ada ya kutumia nyumba inayotozwa hata wasiolala humo. Halafu kuna visivyoandikwa popote: fulana za kila shughuli, picha ya pamoja ya mwaka, suti na usafiri wa dhifa, na faini za kukosa vikao. Hivi vidogo ndivyo vinavyommaliza mwanafunzi anayetumiwa hela kutoka nyumbani.

Fungu la hatari ni nyumba. Matawi mengi humlazimisha mwanachama akae kwenye nyumba ya fraterniti angalau mwaka mmoja, mara nyingi mwaka wa pili. Mkataba ni wa mwaka mzima wa masomo, na akitoka katikati bado anadaiwa. Mara nyingine mkataba huo unataka saini ya mzazi kama mdhamini. Mama, usisaini kitu ambacho hujakisoma chote. Mwambie aombe karatasi ya gharama za miaka yote, si ya muhula wa kwanza peke yake, *kabla* hajakubali mwaliko. Tawi lililonyooka litampa siku hiyohiyo.

Upande wa muda: wiki za pleji huwa sita hadi nane. Kuna kikao cha kila wiki, mafunzo ya historia na majina ya kukariri, usafi wa nyumba, shughuli za hisani, na hafla za usiku. Apange saa 10 kwa wiki kama kiwango cha chini. Tatizo kubwa si hata hizo saa bali wakati zinapoangukia. Usiku wa Jumapili na Jumatatu ndio vikao, na ndio usiku wa kumalizia kazi za kukabidhi.

Niutendee haki upande wa pili pia. Tawi la watu 60 ni taasisi ndogo inayoendeshwa na vijana wenyewe. Kijana wa miaka 20 anashika bajeti, anadai michango, anaongoza kikao kwa kanuni, anasimamia fundi wa paa. Akija kuulizwa kwenye usaili wa kazi ameongoza nini, ana jibu. Lakini faida hiyo wanaipata wenye nyadhifa. Anayelipa na kuhudhuria sherehe tu haipati.

---

Muuguzi_ZamuYaUsiku alijibu:

Mimi nitasema la pombe, na nitalisema kirefu kwa sababu ndilo linaloua.

Kipimo kimoja cha kawaida Marekani kina gramu 14 za alkoholi. Ini linaondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, na huwezi kuliharakisha kwa kahawa, maji baridi wala mkate. Chupa moja ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40 ina vipimo kama 17. Mchezo unaojulikana sana kwenye usiku wa pleji ni kumkabidhi mgeni chupa nzima aimalize mbele ya "kaka mkubwa" wake. Kwa hesabu ya ini, hiyo ni kazi ya saa 17. Anaimaliza kwa dakika 30 au 40.

Kinachotokea baadaye ndicho vijana hawakielewi. Mtu akizimika, pombe iliyo tumboni bado inaendelea kuingia kwenye damu. Kiwango kinazidi kupanda akiwa amelala. Kwa hiyo neno "mwacheni alale, itaisha" linamaanisha mwacheni aelekee kilele bila mtu wa kumtazama. Ubongo unaoendesha pumzi unasinzia, koo linapoteza mwitiko wa kukohoa, anatapika, matapishi yanaingia mapafuni. Kuna desturi ya kumvalisha mlevi begi la mgongoni lililojaa vitabu ili asigeuke chali. Wanaofanya hivyo *wanajua* kwamba anaweza kufa kwa matapishi, lakini wanapambana na matapishi hali pumzi inakwisha.

Dalili za kupiga 911, namba ya dharura, bila kujadiliana: haamki ukimsugua kifua kwa vifundo vya vidole; anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au kuna pengo la sekunde 10 na zaidi kati ya pumzi; midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu; ngozi ya baridi na unyevu; degedege. Ukiona *moja* inatosha, usingoje zitimie. Akiwa bado anapumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, na mtu akae naye. Akiwa ameanguka ngazi au kugonga kichwa, usimhamishe, na mwambie mpokea simu kwamba ameanguka, kwa sababu kulewa kunaficha damu inayovuja kichwani. Majimbo mengi yana sheria inayompunguzia au kumwondolea adhabu ya kunywa chini ya umri wa miaka 21 anayepiga simu kuomba msaada. Hofu ya polisi ndiyo inayochelewesha simu hizi, kwa hiyo ajue sheria ya jimbo lake kabla ya usiku wenyewe.

La muda mrefu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka 2018 uliwafuatilia vijana tangu sekondari hadi umri wa miaka 35. Katika wanaume waliokuwa wanachama na kuishi kwenye nyumba za fraterniti, asilimia 45 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa ulevi katika umri huo. Wengine huenda wakakuambia "ni ujana, ataacha." Karibu nusu hawakuwa wameacha.

Tangu Septemba 2019, muungano mkubwa wa fraterniti, NIC, umepiga marufuku pombe ya zaidi ya asilimia 15 kwenye nyumba za wanachama wake, isipokuwa ikiuzwa na muuzaji mwenye leseni. Kanuni nzuri. Muulize kijana kama chupa za pombe kali zinaonekana jikoni kwao, na jibu lake litakuambia tawi hilo linaheshimu kanuni ngapi nyingine.

---

MamaMkubwa_Tanga:

Mungu awalipe. Babu yake anasema hilo ni jando la Wazungu tu, kijana aende akakomae. Na kijana ananiambia ziko fraterniti za watu weusi ambazo hazina mambo hayo. Nimjibuje babu, na nimjibuje kijana?

---

Kungwi_Mstaafu alijibu:

Dada, babu hajakosea alipoona mfanano: mwari, siri, nyimbo, mateso kidogo, kisha jina jipya na ndugu wapya. Lakini kwenye jando kungwi anajulikana kwa jina na ukoo, mzazi amemkabidhi mtoto kwa mkono wake, siku za kumbini zinahesabika, na mwari akidhurika mtu mzima anaulizwa. Kwenye nyumba ya fraterniti kungwi ana miaka 20. Alikuwa mwari mwaka jana. Hana mkubwa juu yake ndani ya chumba kile, na amekunywa. Hapo ndipo mateso yanapokua mwaka hadi mwaka: kila kundi linataka wageni wapitie walichopitia wao, na kidogo zaidi. Shule zetu za bweni tunalijua hilo. Waliomtesa njuka vibaya zaidi walikuwa kidato cha pili, si cha sita.

Kuhusu za watu weusi, kijana ana nusu ya ukweli. Kubwa ni tisa, fraterniti na sororiti (za wanawake), chini ya baraza lililoundwa Howard University mwaka 1930. Ya kwanza, Alpha Phi Alpha, ilianzishwa Cornell mwaka 1906, wakati wanafunzi weusi hawakuwa na pa kwenda. Martin Luther King alikuwa wa Alpha. Nkrumah na Azikiwe waliposoma Marekani waliingia Phi Beta Sigma. Uanachama huko hauishi siku ya mahafali. Kuna matawi ya wahitimu mijini, watu wa miaka 50 na 60 wanaohudhuria, na kwa mgeni asiye na ndugu nchini hilo ni jambo zito.

Lakini asijidanganye kuhusu hatari. Tisa hizo zilifuta pleji rasmi mwaka 1990 na kuweka utaratibu mfupi wa maombi. Pleji ikahamia mafichoni kwa baadhi ya matawi, na huko shida yake ni kipigo zaidi kuliko pombe. Pia kwa kawaida hawachukui wa mwaka wa kwanza mwenye muhula mmoja tu: wanataka krediti kadhaa zilizokamilika, GPA ya kiwango, na rekodi ya kujitolea. Mtu akimwambia "njoo usiku, makaratasi baadaye," huyo yuko nje ya utaratibu wa chama chake mwenyewe.

---

Mshauri_F1 alijibu:

Kujiunga hakuvunji viza. Kinachovunja ni vitu vinavyofuatana nako, na ni vinne.

Kwanza krediti. F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa krediti 12 kila muhula. Mmarekani akizidiwa na pleji anaacha somo moja, yamekwisha. Kijana wako akiacha somo akabaki chini ya 12 bila idhini ya DSO, yaani ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, amepoteza hadhi yake. Mlango wa kutokea wanaoutumia wenzake kwake umefungwa.

Pili kazi. Tawi likimpa cheo cha msimamizi wa nyumba au zamu ya jikoni, na malipo yakawa punguzo la kodi au chakula cha bure, hayo bado yanaweza kuhesabiwa malipo. Nyumba nyingi zinamilikiwa na kampuni ya wahitimu, si chuo, kwa hiyo si kazi ya ndani ya chuo. Amuulize DSO kwa barua pepe kabla ya kukubali, ahifadhi jibu.

Tatu kukamatwa. Tangu 2015 maofisa wa viza wana maelekezo ya kuweza kufuta viza ya aliyekamatwa akiendesha amelewa, hata kabla ya hukumu. Na bangi: Ohio iliihalalisha kwa kura ya Novemba 2023, ila kwa watu wa miaka 21 na zaidi, na sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, ambayo haijaihalalisha. Kinachomtoa Mmarekani kwa tabasamu kinaweza kumzuia yeye kuingia tena nchini.

La nne watu hawalifikirii. Tunaogopa mwaka wa kwanza, akiwa mgeni. Mwaka wa pili yeye ndiye mwenyeji. Ohio ilipitisha Collin's Law mwaka 2021: kumlazimisha mtu kunywa akadhurika vibaya ni kosa kubwa la jinai. Na bima ya fraterniti kwa kawaida haimlindi mwanachama aliyevunja kanuni zake. Wenzake watakuwa na mawakili wa wazazi. Yeye je?

Kuhusu kazi: mhitimu wa tawi anaweza kumfungulia mlango wa usaili, hawezi kumpa kibali. Mafunzo ya kazini yenye malipo yanahitaji idhini, mara nyingi CPT (ruhusa ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo), kabla ya siku ya kwanza. Baada ya kuhitimu ana miezi 12 ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake) na, kwa uhandisi, 24 zaidi. Baada ya hapo ni mwajiri kuamua kumdhamini. Kwa hiyo aulize tawi: wahitimu wenu wangapi ni wahandisi, na wako kampuni zipi? Kama jibu ni wauza nyumba na mawakala wa bima, faida ile ya kujuana haimfikii. NSBE, chama cha wahandisi weusi kilichoanzia Purdue mwaka 1975, kina mkutano wa kila mwaka wenye maonyesho ya ajira, na hakina nyumba wala pleji. Theta Tau ni fraterniti ya kitaaluma ya uhandisi, iliyoanzishwa Minnesota mwaka 1904. Hiyo nayo ichunguzwe tawi kwa tawi.

---

Takwimu_Chuoni alijibu:

Mama, niongeze namna ya kulichunguza tawi lenyewe, maana jina la kitaifa halikuambii kitu. Matawi mawili ya fraterniti moja yanaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 23, 2024, Stop Campus Hazing Act, inavitaka vyuo vichapishe kwenye tovuti zao taarifa ya makundi yaliyopatikana na hatia ya kunyanyasa wageni: jina la kundi, kilichotendeka, tarehe na adhabu. Ohio ilishalidai hilo kwa vyuo vyake. Kijana atafute taarifa hiyo kwenye tovuti ya chuo chake, asome miaka yote iliyopo.

Halafu ofisi ya fraterniti ya chuo. Nyingi hutoa kila muhula jedwali la GPA ya kila tawi. Asitazame wastani wa tawi zima, maana wa mwaka wa nne wanaupandisha. Kuna mstari wa wanachama wapya peke yao. Aulinganishe na wastani wa wanaume wote wa chuo, kwa mihula minne. Tawi ambalo wageni wake wako chini mihula yote minne limeshajibu swali lako la kwanza.

Ahakikishe pia tawi limo kwenye orodha ya yanayotambuliwa na chuo sasa hivi. Lililofungiwa huweza kuendelea kimyakimya kwenye nyumba ya kupanga, bila usimamizi, na pengine bila bima.

---

MamaMkubwa_Tanga:

Nimemwandikia. Anitumie karatasi ya gharama, mstari wa GPA ya wageni kwa mihula minne, na jibu la DSO. Januari hajiungi, nimemweleza hesabu ya kalkulasi akakubali mwenyewe. Vitatu hivyo vikija vizuri, tutazungumza tena Septemba akiwa na krediti 30. Babu nimemsomea ya Kungwi neno kwa neno. Ameuliza tu, "Sasa huyo kungwi wa miaka 20, wazazi wake wanajua?"